Ndiyo ya Mzee Lomayani

Felista tulimzika Makumira mwezi uliopita, na kwa kuwa katika wale waliosoma naye unesi nimebaki mimi tu hapa karibu, wakaniita mbele niseme neno. Nikasema alikuwa mcheshi. Nikasema alikuwa na mkono mwepesi wa sindano, hata watoto walikuwa wanamtaja kwa jina. Watu wakaitikia amina, nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki. Sikusema kwamba kuna mwaka mmoja nilimchukia kila siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayemeza vidonge. Msibani maneno hayo hayasemwi. Marehemu hana baya. Lakini tangu siku ile nikiwa naosha vyombo, au nachambua mchele, najikuta nimerudi kwenye kile chumba alichoniachia, na safari hii naona bora niandike kuliko kuendelea kuunguza mboga.

Ulikuwa mwaka ambao Arusha nzima ilikuwa inafunguka. Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, kila ukipita unakuta kibanda kipya, huyu anauza spea, yule anauza viatu vya mitumba, mwingine amefungua gereji chini ya mti na spana nne. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa tena kufungua hospitali, na Daktari aliyetuajiri mimi na Felista alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na kontena zima la vitu: vitanda vya kupandisha kwa mkono, mashuka yenye majina ya hospitali za watu, na mashine mbili za kupumulia, moja nzima na moja ya kukatia spea. Alitupeleka Nairobi miezi mitatu tukajifunze kumtunza mgonjwa ambaye mapafu yake yanafanyiwa kazi na mashine. Kabla hatujaondoka alitusainisha karatasi ya kufanya kazi kwake miaka mitatu, na vyeti vyetu vya unesi akavifungia kwenye kabati la chuma ofisini, kwa usalama, alisema. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu turudi, Felista akaomba cheti chake kwa saa moja tu akakitolee nakala mjini. Akapewa. Barua yake ya kwanza niliipata kutoka Botswana, na ndani yake alikuwa ameweka picha yake amesimama kando ya friji. Daktari alisoma sura yangu, akahamisha ufunguo wa kabati kutoka kwenye droo kwenda mfukoni mwake. Mimi nikahamishwa kutoka chumba nilichopanga Kimandolu, nikapewa kingine nyuma ya jiko la hospitali, ili nikihitajika niwe karibu. Nilihitajika kila wakati, maana sasa aliyeijua mashine nilikuwa mimi peke yangu.

Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda vitatu. Madirisha yalipakwa rangi nyeupe mpaka juu, jua lisiingie na wapita njia wasichungulie, kwa hiyo mlima wote wa Meru ulikuwa pale nje na mimi siuoni. Mvua niliijua kwa mabati. Mashine ilikuwa inavuta na kutoa, inavuta na kutoa, kama mtu anayepoza uji asiyekusudia kuunywa. Mgonjwa aliye kwenye mashine haachwi. Kila saa unamnyonya mate na makohozi kwa mpira, kila saa mbili unamgeuza, unamfuta macho, unamsugua mgongo, unachuja uji na kumpitishia puani. Nilikuwa na nesi msaidizi mmoja, binti mwema kabisa, lakini kengele ya mashine ikilia alikuwa anakimbia nje kunitafuta badala ya kumtazama mgonjwa. Kwa hiyo hata chooni nilikuwa naenda mbio. Leo wajukuu wangu wakinicheka kwamba nakula nimesimama, nawaambia waendelee kucheka.

Ndimo alimoletwa Mzee Lomayani. Alikuja kwenye pikapu ya kubebea maziwa, kutoka upande wa magharibi wa mlima, amelazwa kwenye mapaja ya mkewe, anatoka povu, jasho linamchuruzika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Alikuwa amenyunyizia kahawa yake dawa ya wadudu iliyopimwa sokoni kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo, na alinyunyizia akiwa ameelekea upepo. Soko huria lilikuwa limetuletea na hayo. Tulimpa dawa ya kupambana na sumu, povu likakatika, na siku ya tatu akaamka. Tatizo ni kwamba aliamka nusu. Akili yake ilikuwa timamu, masikio yanasikia, macho yanaona, lakini shingo haiinuki, mikono haipandi, na misuli ya kupumua imegoma. Kwa hiyo alilala pale na bomba la mashine mdomoni, ametazama dari. Tukatengeneza lugha yetu mimi na yeye. Kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Una kiu? Mara moja. Unaumwa? Mara mbili. Nikimuuliza maswali mengi alikuwa anayafunga macho moja kwa moja mpaka niondoke, na nilimpenda kwa hilo, maana mimi sikuwa na namna ya kumfungia mtu yeyote macho.

Mkewe, ambaye nilimwita mama tu, alikuja kila mchana na loshoro kwenye hotpoti, mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, na alikuwa haondoki mpaka nile. Nilikula kwenye kijichumba cha kuoshea vifaa, mlango wazi ili niisikie mashine, na kupitia ukuta wa mbao niliwasikia yeye na mwanaye Saruni wakibishana kwenye benchi la nje, nusu Kimaasai nusu Kiswahili. Saruni alikuwa kijana wa miaka kama yangu, ishirini na kitu, mrefu, koti la mitumba, mikono ya mtu wa shamba. Siku zote alikaa benchi lile. Mlango ukifunguliwa anasimama. Nikitoka kwenda jikoni anasimama, nikirudi anasimama. Mama alisukumia loshoro kwangu kwanza, ndipo akanieleza.

"Huyu aling'oa kahawa ya baba yake," alisema. "Mzee alikwenda Monduli kuangalia ng'ombe, huyu akang'oa mistari minne, akapanda nyanya. Eti kahawa haina bei, nyanya Wakenya wananunua."

"Sasa, mama, si alikuwa anatafuta maisha?"

"Kutafuta sawa. Lakini ile kahawa mzee alipanda na baba yake. Aliporudi alisimama pale shambani, akasema, shamba lako lizae, nyumba yako isizae. Na imekuwa hivyo. Mke wa huyu mimba mbili zimeharibika, hazifiki. Sasa ana ya tatu, miezi saba."

Watu wa kabila lao husema laana ya baba inarudishwa na mdomo ule ule ulioitoa, na mate yake juu ya kichwa cha mtoto. Nilikuwa nayajua mambo ya namna hiyo. Kwetu Machame nako mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Lakini nilikuwa nimevaa gauni jeupe, nimesoma mpaka Nairobi, na niliona ni mambo ya kuachwa getini. Siku moja nilikuwa namwaga chupa ya mashine ya kunyonyea kwenye sinki, mlango haukufungwa vizuri, Saruni akaniona.

"Sista, unamwaga nini hapo?"

"Mate na makohozi ya mzee. Kila siku namwaga."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mate ya baba? Yote hayo? Kila siku?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na nilipoona machozi yake nilikuwa nimeshachelewa. Akaniomba nimpe chupa. Mama yake alimkemea kutoka benchini, kwamba mate yasiyo na moyo ni uchafu tu kama uchafu mwingine, baba yako hajafa, aulizwe mwenyewe. Halafu wote wawili wakageuka kunitazama. Walikuwa wameniona nikizungumza naye kwa macho, na palepale nikawa mlango wa pekee wa kumfikia yule mzee.

Nilikataa siku nane. Nilisema si kazi ya nesi. Nilisema mgonjwa hatakiwi kuudhiwa, na hilo lilikuwa kweli. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa jibu. Saruni hakunisumbua kwa maneno, na hapo ndipo aliponimaliza, kwani afadhali mtu anayegomba. Alikaa tu. Loshoro ya mama yake hakuigusa. Nilianza kupanga safari zangu za chooni kwa kusikiliza kama amekwenda bombani kunywa maji. Ndani nilikuwa na mzee asiyeweza kutoka kitandani, nje kijana asiyetaka kutoka benchini, ofisini cheti changu kwenye kabati la chuma. Nilikuwa nikisimama kati ya mashine na dirisha la rangi nyeupe, natamani kupiga ukelele, halafu nakumbuka ni saa ya kumgeuza.

Siku ya tisa Daktari alisikiliza kifua cha mzee, akatoka, akawaambia mapafu yameingia maji na wajiandae kwa lolote. Saruni alinijia mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakusubiri nimtazame.

"Sista, mke wangu ameanza kuona damu tangu alfajiri. Muulize leo. Nakuomba kama dada yangu."

Nikampa joho na kandambili za plastiki, akaingia. Alifika pembeni ya kitanda, akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa godoro. Hakumtazama baba yake usoni. Mtoto aliyelaaniwa hamtazami baba machoni, ndivyo walivyo. Kwa hiyo aliyeyaona macho yale nilikuwa mimi peke yangu.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Saruni yuko hapa. Anaomba urudishe neno ulilomwambia shambani. Unarudisha?"

Alinitazama. Akafumba. Akafumbua. Nikavuta pumzi. Akafumba tena.

Nikamuuliza upya, polepole, labda amechoka. Mara mbili. Safari hii alifumba kwa nguvu, ngozi ya pembeni ya macho ikajikunja.

"Amesema nini?" Saruni aliuliza akiwa bado ameinama.

Nikasema, "Amesema ndiyo."

Na sikuishia hapo. Nilichovya kidole kwenye mate yaliyokuwa yanachuruzika pembeni ya bomba, nikampaka Saruni utosini. Mabega yake yalianza kutikisika. Alisema maneno ya Kimaasai ambayo sikuyaelewa, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na nikasikia mama akipiga kigelegele uani. Kwa miaka mingi nilijiambia nilifanya vile kwa huruma, kwa ajili ya yule mwanamke na mimba yake. Kidogo ni kweli. Lakini nimeshazeeka na sina wa kumdanganya: nilichoka. Nilitaka lile benchi libaki tupu. Nilimwibia mzee neno lake ili mimi niweze kwenda chooni kwa amani.

Alasiri hiyo hiyo umeme ulikatika, kwani ulikuwa wakati wa mgao, na jenereta ikakohoa mara mbili ikazima. Mashine ikanyamaza. Nikachomoa mpira wake, nikaunganisha mfuko wa kuminya kwa mkono, nikaanza kumpumulia. Ukiminya, kifua kinapanda, ukiachia, kinashuka. Huwezi kuondoka, huwezi hata kubadilisha mguu vizuri, na uso wako uko juu ya uso wake, shibiri moja. Nesi msaidizi alikwenda kumtafuta fundi. Tukabaki wawili. Mzee akanikazia macho, akaanza. Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili. Hapana, hapana, hapana, na kila hapana aliisema kwa pumzi niliyompa mimi.

"Nimekusikia, mzee," nilisema. "Nimekusikia."

Hakuacha. Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, si mume wangu, si mchungaji. Nilifikiri: huyu akipona, nimekwisha. Atasema, Saruni atajua, mimba ikitoka itakuwa juu yangu, Daktari atanifukuza na cheti changu hatanipa. Nilifikiri pia kwamba Daktari mwenyewe ameshawaambia wajiandae. Mkono wangu ukapunguza kasi. Sikuuamuru, wala sikuukataza. Ni nusu dakika, pengine pungufu. Midomo ya mzee ilianza kubadilika rangi, na yeye akaacha kufumba macho, akanitazama tu, bila hasira, kama mtu anayesubiri kuona mwenzake atafanya nini. Nikashtuka. Nikaminya, nikaminya kwa mikono yote miwili huku nalia na makamasi yananitiririka, mpaka jenereta ikawaka, dakika arobaini nzima, na hata baada ya mashine kuanza kazi nesi msaidizi alilazimika kunibandua vidole.

Mwenyezi Mungu ana mambo yake. Damu ya mke wa Saruni ilikatika kesho yake. Kifua cha mzee kikaanza kufunguka, shingo ikapata nguvu, na baada ya wiki moja tukalitoa bomba. Siku mbili alikuwa na sauti ya kukwaruza tu, anaomba maji, anaomba kugeuzwa. Saruni alikuwa anaingia amekunjua uso kwa furaha, anamsimulia habari za ng'ombe, na mzee anageukia ukutani. Kila alipofungua mdomo mimi niliacha kazi nikasikiliza. Siku ya tatu nilikuwa namnywesha uji, tuko peke yetu, akaiondoa midomo kwenye kijiko.

"Mimi nilisema hapana," alisema.

"Najua, mzee."

"Mara mbili."

"Najua. Nisamehe, baba."

Alitafuna hewa kidogo, akili yake ikitafuta Kiswahili. "Siku ile stima imekwenda. Ulipumzika katikati."

Kijiko kiliniponyoka. Nilipoinama kukiokota sikutaka kuinuka tena. Kutoka juu nikamsikia akisema, "Halafu ukaendelea." Nikasubiri aongeze neno, la kunilaani au la kunisamehe. Alisema uji umepoa.

Hakumwambia mtu. Siku zilizobaki nilimwogesha, nikamkanda mikono ambayo Daktari alisema itachukua miezi kurudi, na kila siku nilimwomba alifanye neno langu liwe lake, na kila siku aliyafunga macho mpaka niondoke. Niliona bora angenitangaza. Nilikuwa nimefungwa na karatasi niliyotia saini, lakini ile ilikuwa na mwisho, miaka mingine miwili na kitu. Hii nyingine sikuona mwisho wake.

Siku ya kuruhusiwa ilikuwa ya jua. Tulimtoa kwa kiti cha magurudumu mpaka uani, palipokuwa na ile pikapu, na nikauona mlima wazi mpaka kileleni, sikumbuki ni baada ya siku ngapi. Walikuwa wamekuja majirani na watu wa usharika wao. Saruni alikuja na mkewe, tumbo limejaa, anatembea ameshika kiuno. Kwa watu wale mtoto akimsalimia mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja juu. Ndiyo shikamoo na marahaba yao. Tangu siku ya kahawa mzee alikuwa hajamgusa Saruni, na kijiji kizima kilijua. Sasa Saruni, kwa ile ndiyo aliyokuwa nayo, akapiga hatua mbele ya watu wote, akainamisha kichwa mbele ya magoti ya baba yake.

Mikono ya mzee ilikuwa imelala juu ya shuka. Haikusogea. Watu waliokuwa wanaimba wakapunguza, wakaacha. Mke wa Saruni alishika ukingo wa pikapu. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, nikatamani kukimbia, na sikuwa na pa kukimbilia, cheti kiko ndani.

"Sista," mzee alisema.

"Abee, baba."

"Mkono wangu haupandi. Upandishe."

Nilizunguka mbele, nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa yale yale, makavu, hayanipi kitu.

"Wewe si ndiye ulianza," alisema kwa sauti ya chini, nikasikia mimi tu. "Pandisha."

Nikaushika kama tulivyofundishwa, kiganja changu kimoja chini ya kiwiko, kingine chini ya kifundo. Ulikuwa mzito. Nilimgeuza mtu yule kila saa mbili kwa siku zote zile na sikuwahi kukutana na uzito wa namna ile. Nikauinua, nikauweka juu ya kichwa cha Saruni, nikaendelea kuushikilia. Nilijua nikiachia utaanguka, na ukianguka mbele ya watu wale hakuna ndiyo yangu wala ya nani itakayomwinua tena kijana yule, wala kilichomo tumboni kwa mkewe. Nikakaza. Jasho likaniingia machoni.

"Achia," mzee alisema.

Nikatikisa kichwa.

"Sista. Achia."

Nikaachia. Mkono ukatetemeka, ukateleza kidogo kuelekea sikioni, nikafumba macho yangu mwenyewe. Nilipofumbua, vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya nywele za Saruni, vimeshika, na mkono ukabaki pale juu muda mrefu kuliko nguvu alizokuwa nazo.